Mazoezi ya Kubeba Ndoo

Nimesikia shule yenu imepata mradi wa kupinga uonevu. Hongereni sana. Najua tayari mmegawiwa fulana, na najua zimewabana wale wenye vitambi, maana wanaoshona fulana za miradi hawajawahi kumwona mwalimu wa hesabu. Najua pia lipo sanduku la maoni lililopakwa rangi ya kupendeza, na kuna mtu anazunguka mjini akilitafutia kufuli. Mimi nimestaafu, magoti yananiuma, nakaa Mikese kando ya barabara kuu na kazi yangu kubwa ni kuwatazama abiria wakikimbilia mahindi ya kuchoma. Lakini nilifundisha miaka mingi kwenye shule za bweni za wasichana, na juu ya jambo hili moja nina maneno. Msiponisikiliza sitakasirika. Nilikuwa mwalimu, nimeshazoea.

Shule ninayotaka kuisema ilikuwa Kihonda, shule ya mtu binafsi. Ilikuwa miaka ya soko huria, viwanda vya mji vinabadilisha wamiliki, wafanyakazi wanapunguzwa, na kila mwenye kiwanja kikubwa alikuwa ama anafungua baa ama anafungua sekondari. Mwenye shule yetu alikuwa na malori ya kubeba nyanya. Akaona watoto wa watu hawaozi njiani, akaingia kwenye elimu. Mkuu wa shule, Mwalimu Mashauri, alikuwa mtu mwema aliyeogopa mambo mawili tu duniani, nayo ni mzazi anayehamisha mtoto na mgeni anayefika bila kutoa taarifa. Mimi nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Kwa wasiojua, huyo ndiye anayelaumiwa kila kitu kikiharibika na asiyeitwa kikitengenezwa.

Mradi ulipokuja, tulipelekwa kwenye warsha katika hoteli moja mjini. Mtaalamu alitoka Dar na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani na kalamu za rangi. Tukachora mti wa matatizo. Mizizi ni chanzo cha uonevu, shina ni uonevu wenyewe, matawi ni matokeo yake. Mwalimu wa baiolojia akasema mti wetu hauna majani, tukabishana juu ya majani mpaka sambusa zikaja. Dirishani milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu kichwani kama mtu asiyetaka kusikia, na mimi niliionea wivu.

Tulirudi shuleni na fulana zetu za mradi, na vitu vitatu vya kufanyia kazi: kamati, sanduku na igizo.

Kamati ya Kupinga Uonevu ilimhitaji mwenyekiti mwanafunzi, mwenye kujiamini na anayeongea Kiingereza mbele ya wageni. Basi akachaguliwa Hilda, dada mkuu. Mambo ya Hilda kila mtu aliyajua. Kila njuka, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, alijua kwamba maji ya kuoga ya Hilda hayaendi bafuni kwa miguu yake yenyewe. Nikasema kikaoni, "Jamani, kesi ya ngedere tunampa nyani?" Mwalimu Mashauri akajibu kwamba mtaalamu amesisitiza ushirikishwaji, tena baba yake Hilda ndiye aliyetupa lile tangi la maji. Hoja ya tangi ilikuwa nzito kuliko yangu.

Sanduku la maoni likatundikwa mlangoni kwa dada mkuu, kwa sababu ukuta wa pale ndio pekee uliokuwa na plasta ya kushika msumari. Ufunguo akapewa dada mkuu, kwa sababu ndiye kiongozi wa wanafunzi. Msicheke. Waliotoa uamuzi huo walikuwa watu wazima wenye vyeti, na walikuwa wameshiba. Kila mwisho wa mwezi sanduku lilifunguliwa mbele ya mkuu wa shule, likakutwa tupu, na taarifa ikaandikwa kwamba uonevu umekwisha. Safari moja Mwalimu Mashauri alitaka kuhakikisha zaidi, maana alikuwa mtu wa uhakika. Akasimama mbele ya mstari asubuhi, viranja wamejipanga pembeni na macho yao, akasema, "Anayeonewa shuleni hapa anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. Hata waliokuwa wanawashwa walivumilia. Akanigeukia akitabasamu, "Umeona, Mwalimu Mwanaidi?" Nilikuwa nimeona.

Hapo niwaambie kidogo juu ya Mwalimu Kibwana, Mungu amrehemu. Nilipoanza kazi, kijana mwenye diploma mpya na viatu virefu, yeye alikuwa mzee wa jiografia. Nilijitia kuandika sheria za bweni, nikazibandika kila mlango, nikasubiri matunda. Mzee akazisoma, akanisifu mwandiko. Kisha akaniambia, "Mwanangu, uonevu hauingii darasani, darasani kuna wewe. Unakaa kwenye foleni. Foleni ya maji, foleni ya ugali, kwenye kamba za nguo. Mahali ambapo mtoto ana kitu mkononi na mtu mzima hayupo." Yeye madaftari yake aliyasahihishia bombani. Aliweka kiti chini ya mpera, kalamu nyekundu mkononi, hasemi na mtu, na mbele yake kila msichana alijaza ndoo yake mwenyewe. Nikamuuliza kama hachoki. Akasema madaftari yanachosha popote, heri uchokee mahali penye faida. Mwajua usemi kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mzee yule hakuwahi hata kuinua fimbo, alikuwa karibu tu.

Nami nilimwiga tangu hapo, na Kihonda pia niliweka kiti changu bombani, siku za zamu yangu. Kilichonishinda ni igizo.

Mwaka ule aliletwa mtoto mmoja kutoka Mgeta, Anastazia. Alishuka kwenye lori lililoshusha kabichi sokoni, yeye na tranka la bati la kijani, na mjomba wake. Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kupitia tu, ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Huyu alikuwa amejibana kweli kumpeleka mtoto shule, wa kwanza katika ukoo wao kuvuka darasa la saba. Alinisalimu kwa adabu, kisha akamgeukia mpwa wake mbele yangu. "Wewe Ana, mimi sina maneno mengi. Ukirudi na cheti, tutachinja. Ukirudi bila cheti, jembe lako lipo mlangoni, na hutalirudisha tena ndani." Mtoto akaitikia. Alikuwa mdogo wa umbo, shingo imekomaa kwa kupanda na mizigo ile njia ya mlimani, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia hiyo. Bweni zima lilicheka siku ya kwanza alipofungua mdomo.

Igizo la kupinga uonevu lilihitaji njuka wa kuonewa. Hilda alikuwa mwandishi, mwongozaji na mwigizaji mkuu, na akamteua Anastazia kwa sababu, alisema, anafaa bila kufundishwa. Mazoezi yakaanza. Njuka katika igizo alitakiwa kubeba ndoo ya maji kichwani, kutukanwa, kusukumwa, kupiga magoti. Mtaalamu alikuwa ametuhimiza juu ya uhalisia, kwa hiyo ndoo ikawa ndoo kweli na maji yakawa maji kweli. Na maji hayo, mazoezi yakiisha, hayawezi kumwagwa, Kihonda maji ni shida. Yakapelekwa bafuni kwa Hilda. Kesho yake mazoezi tena.

Nilimkuta nyuma ya bweni, saa ambazo bomba limefungwa, ndoo ya maji ya tangi kichwani, sketi imelowa, na wasichana wakubwa wamemzunguka. Nikauliza kuna nini.

"Mazoezi, mwalimu," akasema Hilda.

"Na huyo aliyemvuta sikio?"

"Ni kwenye igizo, mwalimu. Ukurasa wa pili."

"Na anayelia?"

"Hapo sasa ameigiza vizuri." Wenzake wakacheka. Akaona uso wangu, akabadilisha. "Lakini mwalimu, sisi tunataniana naye tu. Utani."

Nikamuuliza yeye kabila gani. Akasema hana kabila, amekulia Dar. "Basi huna mtani hapa," nikamwambia. "Mimi Mzigua, najua utani. Mtani ukimwita mchawi na yeye anakuita mwizi, ukimnyang'anya kuku leo kesho anakunyang'anya jembe, na hakuna wa kukasirika. Wewe umembebea huyu ndoo lini?" 

Nikaichukua ile ndoo, nikaifungia ofisini kwangu. Kesho yake asubuhi mkuu wa shule aliniita, akaniomba kwa upole niirudishe. Ndoo ile, akasema, ni kifaa cha mradi. Nikamwambia mtoto anateswa kwa kisingizio cha mchezo. Akafunga mlango. "Mwalimu Mwanaidi, nakuelewa kabisa. Ila wageni wanakuja wiki ijayo. Tukivunja igizo tutawaonyesha nini?" Nikamwambia tuwaonyeshe sanduku. Akadhani namuunga mkono, akafurahi, na ndoo ikarudi kwa Hilda.

Siku ikafika. Bwalo lilipambwa, wageni wakakaa kwenye viti vyenye vitambaa, na harufu ya pilau ikatupunguzia umakini wote. Igizo likaanza. Mwanafunzi aliyeigiza mwalimu alivaa mtandio kama wangu na alitembea kama mtu anayesukumwa kwa kiwiko mbavuni. Sawa, nililipokea hilo. Anastazia akaingia na ndoo imejaa mpaka mdomo, akatukanwa, akasukumwa, akapiga magoti bila kumwaga hata tone. Kisha yule mwalimu wa igizo akatoa hotuba, mwonevu akatubu papo hapo, kama inavyotokea duniani kila siku, na sasa ilikuwa zamu ya njuka kusema, "Nimekusamehe, dada," ili wimbo uanze.

Wimbo haukuanza. Hilda akamnong'oneza, "Sema!"

Anastazia akawageukia wageni, ndoo ingali kichwani. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba!" wakaitika, wamependezwa.

"Naomba kuuliza. Haya maji ni ya dada Hilda ya kuoga jioni. Kila siku nampelekea mimi. Sasa mchezo ukiisha, nimpelekee, au leo kwa kuwa mpo nisimpelekee?"

 Nikasema moyoni, alhamdulillahi, neno limefika. Kisha yule mtaalamu wa Dar akaanza kupiga makofi. Wageni wakamfuata, wakasimama wote, mama mmoja akajifuta macho kwa leso. Mwalimu Mashauri, aliyekuwa amelowa jasho, akapiga makofi kuwashinda wote. Nilisimama, nikapaza sauti, nikasema, "Mgeni rasmi, huyu mtoto haigizi!" Mgeni rasmi akanitazama kwa huruma. "Kweli kabisa, mwalimu. Ndiyo maana ametugusa."

Zawadi zikatolewa. Shule yetu ilipata cheti cha shule isiyo na uonevu. Hilda alipata kamusi. Na mwigizaji bora, Anastazia, alipewa ndoo mpya ya plastiki, nyekundu, yenye nembo ya mradi ubavuni. Nilikuwepo na nilitazama kwa macho yangu, kwa hiyo mkisoma taarifa za miradi msiniulize kwa nini nakohoa.

Watu walipokuwa wanakula pilau nilimwona Anastazia anaelekea getini, tranka kichwani, ile ndoo ya zawadi mkononi. Jioni ile malori ya Mgeta yalikuwa bado sokoni. Nikamkimbilia, kwa magoti haya haya.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Mjomba alisemaje?"

"Alisema jembe langu lipo mlangoni."

"Na wewe unasemaje?"

"Jembe halinipigi, mwalimu."

Niliumia. Nilikuwa na hotuba nzuri ya mwalimu wa nidhamu juu ya uvumilivu, nikaona haya kuitoa. Mtoto alikuwa na haki kuliko shule nzima. Lakini nilijua pia kwamba akipanda lile lori hatashuka tena, na Hilda atapata njuka mwingine kabla pilau haijaisha. Ikanijia akili ya kwetu.

"Wewe Mluguru?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nani?"

"Mzigua."

"Mzigua na Mluguru wana nini kati yao?"

Akainamisha kichwa. "Wana utani."

Nikalishusha lile tranka kichwani pake, nikatandika khanga yangu chini, nikamwaga humo nguo zake na madaftari yake, na tranka tupu nikajitwika. "Hili nimelinyang'anya," nikamwambia. "Kalie mbali. Utakasirika?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alilelewa vizuri na desturi aliijua. "Mtani hakasirikiwi," akasema kwa hasira.

"Vizuri. Utalikomboa siku unamaliza kidato cha nne, kwa kitu utakachochagua mwenyewe. Kabla ya hapo, mjomba akiuliza tranka lake liko wapi, mwambie liko kwa Mzigua, aje tugombane. Na kwa kuwa utani una pande mbili, upande wangu ni huu. Saa yoyote maji yanapochotwa shuleni hapa, bomba likiwa wazi au limefungwa, mazoezi au si mazoezi, nipo pale. Siku utakayonikosa, njoo ubebe kitanda changu."

Akatazama upande wa mjini, kulikokuwa na malori. Kisha akafunga lile furushi.

Basi nikahamia bombani kabisa. Mkuu wa shule alisema haipendezi mwalimu mwandamizi kukaa kwenye matope na wageni wanaweza kupita. Nikamwambia wageni wakipita nitasema ni uhalisia. Siku ya kwanza Hilda alisimama na ndoo tupu akingoja mkono wa kumpokea. Mikono yote ilikuwa na ndoo zake. Akajaza mwenyewe, akabeba, akamwaga nusu njiani, akarudi. Siku nyingine, foleni imekwisha, alibaki. "Mwalimu," akaniambia, "na mimi nilibeba, nilipokuwa njuka. Mbona hukukaa hapa?" Mwaka wake wa unjuka sikuwa bado nimehamia shule ile, lakini watu wazima wa kukaa pale walikuwepo, ofisi nzima. Nikamwambia ana haki ya kuuliza. Tangu siku hiyo hakuwa malaika, ila alibeba ndoo yake.

Msidhani uonevu uliisha. Ukafukuzwa bombani ukahamia kwenye kamba za nguo. Nikamwomba mwalimu wa baiolojia akahesabie majani yake kule. Ukahamia kwenye foleni ya bwalo siku za nyama, tukaanza kupanga foleni pamoja na watoto, sahani mkononi, na nyama tukala sawa nao, jambo lililowauma baadhi ya walimu kuliko uonevu wenyewe. Hiyo ndiyo programu nzima. Haina nembo. Taarifa ya mradi ilipotoka iliandika kwamba njuka wameacha kutoroka, na mafanikio hayo yametokana na sanduku la maoni.

Kwa hiyo msilitupe sanduku lenu, linapendeza. Ila swali la kuwauliza wataalamu ni dogo: saa ya maji, nani yuko bombani? Wakijibu kwamba hilo litawekwa kwenye awamu ya pili, chukueni kiti mwende.

Anastazia alimaliza kidato cha nne. Sikumkumbusha deni la utani, na miaka yote ile nguo zake zilikaa kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, chini ya kitanda. Siku wanafunzi wanaondoka nilikuwa nimekaa barazani kwangu nikasikia hodi. Amekuja amebeba ndoo nyekundu kichwani, nembo imeshafutika, imejaa mpaka mdomo. Akapiga magoti taratibu, akaishusha mlangoni bila kumwaga tone.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kukomboa tranka langu."

"Marahaba. Yaani mtani wangu unanikomboa kwa maji?"

"Ulisema kitu nitakachochagua," akasema. "Ndoo zote nilizowabebea watu shuleni hapa niliambiwa nibebe. Hii hakuna aliyeniambia."

Nikaingia ndani kuleta tranka, na nilikawia, kwa sababu sikutaka anione. Nilikuwa nimetunzia humo zile fulana za mradi. Nikazitoa, nikazifanya matambara ya kudekia, na tranka la mjomba nikampa. Maji yale niliyaoga jioni ile ile, yote, nikiwa nalia.